Lulu wa Sinema na Swali la Umri Wake

Wasomaji wetu wa Malindi, Mambrui na Gongoni waliozoea kwenda vibanda vya video hawana haja ya kuelezwa Lulu ni nani. Lakini kurasa hizi husomwa pia Marafa, Garashi na Chakama, na huko wako wazee ambao kwao sinema ni jambo la vijana tu. Kwa ajili yao yafaa tuanze mwanzo. Lulu ni jina la kazi la Bibi Elizabeth Michael, mchezaji wa sinema wa Dar es Salaam, aliyezaliwa tarehe 16 Aprili 1995. Namwomba msomaji aishike tarehe hiyo, kwani habari yote ninayoiandika imezunguka juu yake.

Mimi ni karani. Katika kazi zangu mojawapo ni kuwapokea watu wanaotaka vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambao hawakuandikishwa kwa wakati wake. Mama huja na binti yake, nami humwuliza, “Mama, mtoto huyu alizaliwa lini?” Mara nyingi hunijibu, “Mwanangu, alizaliwa mwaka ule Sabaki ilipofurika.” Hapo hulazimika kumwuliza tena ni furiko lipi, maana mto wetu haukufurika mara moja wala mbili. Wakati mama anafikiri, watu wote walio katika foleni humgeukia binti, wakampima kwa macho kuanzia kichwani hata miguuni. Mmoja husema ana miaka kumi na minane. Mwingine husema, la, huyu amekwisha pita ishirini, mbona amemzidi mama yake kwa kimo? Kisha hutolewa kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, tukaona kwamba ana miaka kumi na mitano.

Desturi hii ya kukisia umri kwa macho ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika habari za Lulu. Yeye alikisiwa umri na nchi nzima.

MTOTO WA KAOLE

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa Dar es Salaam walikuwa na mazoea ya kukaa mbele ya televisheni jioni ili kutazama michezo ya kikundi kilichoitwa Kaole Sanaa Group, iliyoonyeshwa na kituo cha ITV. Kikundi kile kilikuwa kama chuo cha wachezaji. Humo alipita Bwana Vincent Kigosi, ajulikanaye kwa jina la Ray. Humo alipita Bibi Blandina Chagula, yaani Johari. Na humo alipita Bwana Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, aliyekuja kupata sifa kuliko wote. Lulu aliingia akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Aliyemwingiza ni Bwana Mahsein Awadh, ambaye watazamaji humwita Dokta Cheni. Akaonekana katika michezo kama Zizimo, Gharika, Taswira na Baragumu, akicheza mtoto, naye alikuwa mtoto kweli.

Hakuna aliyeona ubaya wowote katika jambo hilo, na mimi pia siuoni. Mtoto wa pwani hucheza ngoma mbele ya watu tangu anapoweza kusimama. Taabu ilianza baadaye, mtoto alipoanza kurefuka.

Lazima hapa nieleze kidogo jinsi sinema za Dar es Salaam, ambazo watu huziita Bongo Movie, zilivyokuwa zikitengenezwa. Mwaka 2003 ilitoka picha iitwayo Girlfriend, iliyoongozwa na Mkenya mwenzetu, marehemu George Otieno, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tyson. Picha ile iliuzwa sana, na wengi wakaona kwamba hata wao waweza kutengeneza sinema na kupata fedha. Kamera ikaazimwa, nyumba ya rafiki ikatumiwa kuwa nyumba ya tajiri, na kwa muda mfupi kazi ikawa tayari. Mtengenezaji aliuza kazi yake kwa msambazaji, naye msambazaji akatoa nakala maelfu, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, zikaenda Mwanza, Arusha, Bujumbura, Lubumbashi na Mombasa. Kutoka Mombasa zilipanda matatu zikafika kwetu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari katika shule ya misheni siku hizo, na ingawa walimu walitukataza vibanda vya video, nakiri kwamba nilizijua sinema hizo vizuri kuliko nilivyojua aljebra.

Jambo moja lilitushangaza sote: mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, lakini majina ya sinema yalikuwa ya Kiingereza. Family Tears, Ripple of Tears, Woman of Principles. Mzee mmoja aliyeuza mihogo karibu na kibanda aliwahi kuniuliza kwa nini sinema za Waswahili zaogopa majina ya Kiswahili. Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Sasa sikilizeni. Katika sinema zile kulikuwa na nafasi ya mtoto: yatima anayeteswa na mama wa kambo, mtoto anayelia kitandani mwa mgonjwa. Kulikuwa na nafasi ya mwanamke: mchumba, mke, hawara, mke mwenza. Nafasi ya msichana wa miaka kumi na minne, aliyevaa sare ya shule na mwenye hofu ya mtihani, ilikuwa haba sana. Hadithi zilihusu mapenzi na usaliti, kwa kuwa ndizo zilizonunuliwa. Basi mchezaji wa kike aliyeanza utotoni alipofika umri huo alikuwa na njia mbili tu, ama apumzike mpaka akue, ama aruke. Lulu aliruka. Kabla hajatimiza miaka kumi na saba alikuwa amekwisha kuvaa, katika sinema, mavazi na maneno ya wanawake waliokomaa, mbele ya wanaume waliomzidi miaka kumi na zaidi. Nasi tulilipa kiingilio, tukamtazama, wala sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza umri wake.

WENGINE WALIVUKAJE?

Wazee wetu waliopenda picha za Kihindi wataniambia kwamba jambo hili si geni, nao wasema kweli. Marehemu Sridevi, ambaye picha zake Mr. India na Chandni zilipendwa sana, alianza kucheza akiwa na miaka minne. Mwaka 1976, akiwa na miaka 13 tu, alipewa nafasi ya mwanamke mkuu katika picha ya Kitamil iitwayo Moondru Mudichu. Wanaume wa picha ile walikuwa Kamal Haasan na Rajinikanth, wote watu wazima. Na katika hadithi yenyewe msichana yule anakuja kuwa mama wa kambo wa Rajinikanth! Sridevi alifaulu kuvuka, akadumu katika kazi mpaka alipofariki Dubai tarehe 24 Februari 2018. Lakini kufaulu kwake hakubadilishi hesabu: kumi na tatu ni kumi na tatu.

Marekani mwaka huohuo wa 1976 ilitoka picha Taxi Driver, ambamo Jodie Foster, aliyekuwa na miaka 12 ilipopigwa, alicheza msichana aliyeharibiwa na watu wabaya wa mjini. Huko walau palikuwa na sheria na watu wa kuisimamia. Sehemu ambazo hazikumfaa mtoto hakuzicheza mwenyewe. Dada yake mkubwa, aliyekwisha kuwa mtu mzima, alisimama badala yake. Baadaye Foster alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Yale, na alipotoka akarudi katika sinema akiwa mwanamke mwenye shahada. Mwaka 1989 akapewa tuzo ya Oscar kwa picha The Accused.

Na papo hapo Dar es Salaam yuko Bibi Yvonne Cherry, aitwaye Monalisa, ambaye naye alianza kazi hii angali msichana. Mama yake, Bibi Suzan Lewis, yaani Natasha, ni mchezaji vilevile. Mimi huona kwamba hapo pana tofauti kubwa. Msichana ambaye mama yake aijua kazi, na ajua nani ni nani katika kazi hiyo, ana mtu wa kumwambia, “Nafasi hii ikatae, itakuja nyingine.”

USIKU WA PASAKA

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, sisi Wakristo tulikuwa katika siku za Pasaka. Asubuhi habari ilipanda matatu kama zilivyopanda zile CD: Kanumba amefariki nyumbani kwake Sinza. Wengi hawakuamini mpaka redio iliposema. Alikuwa na miaka 28. Alizikwa tarehe 10 Aprili katika makaburi ya Kinondoni, na umati uliokuja kumwaga katika viwanja vya Leaders ulikuwa mkubwa hata watu wakazimia. Makamu wa Rais, Dakta Mohamed Gharib Bilal, alihudhuria. Kwetu Malindi niliona wanawake wakilia sokoni kwa ajili ya mtu ambaye hawakumwona maishani ila kwenye kioo.

Aliyekuwa pamoja naye usiku ule ni Lulu. Baadaye mahakama ilielezwa kwamba wawili hao walikuwa wapenzi, kwamba waligombana kwa sababu ya simu, na kwamba marehemu alianguka chumbani. Lulu alikamatwa, akashitakiwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia, akapelekwa mahabusu katika gereza la Segerea.

Hapo ndipo swali la umri, ambalo halikuulizwa miaka yote, lilipoulizwa kwa mara ya kwanza, tena mbele ya hakimu. Hati ya mashtaka ilisema mshitakiwa ana miaka 18. Mwenyewe alisema ana 17. Mawakili wake wakaomba shauri liendeshwe kwa kufuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na ubishi juu ya umri ukapanda kutoka mahakama ya Kisutu mpaka mahakama za juu. Sasa msomaji airudie ile tarehe niliyomwomba aishike. Kwa tarehe ile, usiku Kanumba alipofariki, Lulu alikuwa na miaka 16. Zilibaki siku tisa atimize 17.

Nakumbuka mabishano yaliyokuwapo katika matatu ya kwenda Kilifi. Abiria mmoja alisema, “Huyu mtoto? Mtoto gani? Sisi tumemwona kwa macho yetu akiolewa!” Alimaanisha katika sinema. Watu wakacheka, lakini wengi walimwunga mkono. Ushahidi waliokuwa nao juu ya umri wa binti yule ulikuwa ni nafasi alizopewa kucheza na watu wazima. Yaani kwanza walimvika utu uzima, halafu wakamhukumu kwa kuuvaa.

Wala sitaki tuwacheke Watanganyika peke yao. Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, huku sheria nyingine ikimwita mtoto. Mgongano huo ulifikishwa mahakamani na Bibi Rebeca Gyumi, naye akashinda katika Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena katika Mahakama ya Rufani mwezi wa Oktoba 2019. Kwetu Kenya sheria ya mwaka 2014 yasema wazi kwamba asiyefika miaka 18 haolewi. Lakini sisi tuliozaliwa Kilifi twajua yanayotendeka usiku katika disko matanga, na twajua ni wasichana wangapi huitwa “wakubwa” kwa kuwa tu wameweza kubeba ndoo mbili za maji na kulea wadogo zao.

BAADA YA SEGEREA

Shitaka lilibadilishwa likawa la kuua bila kukusudia, na tarehe 29 Januari 2013 Lulu akatoka kwa dhamana, akiwa amekaa mahabusu zaidi ya miezi tisa. Wengi walidhani kwamba sinema zimekwisha kwake. Kumbe mwaka uleule alitoka na picha yake mwenyewe, Foolish Age, yaani umri wa ujinga. Ingawa jina ni la Kiingereza tena, safari hii nililielewa. Baada ya miaka yote ya kuruka umri ule, alirudi nyuma kuucheza: msichana anayedhani amekua, na matatizo yampatayo. Watu wengine walisema anajitetea. Mimi naona alicheza nafasi aliyostahili kupewa miaka minne nyuma, na ambayo hakuna aliyeiandika.

Kisha mwaka 2014 ikaja Mapenzi ya Mungu. Humo alicheza pamoja na mwimbaji Linah Sanga, na pamoja na Bibi Flora Mtegoa. Msomaji asiyelijua jina hili la mwisho na anisubiri kidogo. Bibi Flora ni mama mzazi wa marehemu Kanumba. Mama aliyemzika mwanawe, na binti ambaye shauri lake juu ya kifo cha mwana huyo lilikuwa bado halijasikilizwa, walisimama mbele ya kamera moja. Yaliyokuwamo mioyoni mwao siku zile ni yao, sisi tuliona kazi tu. Katika kazi hiyo Lulu hakuwa mtoto wa Kaole tena, wala hakuwa yule msichana aliyepambwa aonekane mkubwa. Alikuwa mwanamke wa miaka kumi na tisa anayecheza taratibu, anayejua kunyamaza. Wachezaji wetu wengi hawajajifunza kunyamaza; hudhani kwamba aliyelipa fedha atanung’unika asiposikia kelele.

Waliompima hawakuwa watu wa Dar es Salaam peke yao. Tarehe 5 Machi 2016, huko Lagos, katika tuzo za Africa Magic Viewers’ Choice Awards, picha hiyo ilichaguliwa kuwa sinema bora ya Afrika Mashariki. Usiku huohuo Bwana Single Mtambalike, ambaye wengi humwita Richie, alipata tuzo ya picha bora ya lugha ya Kiswahili kwa kazi yake Kitendawili. Kwa Watanzania ulikuwa usiku wa furaha. Lulu alikuwa na miaka 20, ikibaki kama wiki sita atimize 21.

Lakini shauri lilikuwa lingali linangoja. Lilisikilizwa mwezi wa Oktoba 2017 katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, mbele ya Jaji Sam Rumanyika. Wazee wa baraza wakatoa maoni yao kwamba ana hatia, na tarehe 13 Novemba 2017 jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamhukumu kifungo cha miaka miwili. Wako waliosema adhabu ni ndogo, na wako waliosema ni kubwa. Mimi si mwanasheria, na familia iliyofiwa ina haki ya kuheshimiwa, kwa hiyo sitaingia katika ubishi huo. Nasema tu kwamba mtu aliyesimama kizimbani siku ile alikuwa na miaka 22, na kila aliyemtazama alimwona mwanamke. Jambo lililokuwa likihukumiwa lilimpata akiwa na 16.

Mwaka 2018 adhabu yake ilipunguzwa kwa msamaha wa Rais, na tarehe 12 Mei akatolewa gerezani ili amalizie kwa kifungo cha nje, akifanya kazi za jamii. Kifungo hicho kilikwisha tarehe 12 Novemba mwaka uleule.

Wiki iliyopita mpwa wangu, msichana wa darasa la nane, aliniomba simu yangu atazame sinema. Nikaikuta ni Ripple of Tears. Alitazama kwa muda, kisha akauliza, “Mjomba, huyu dada hapa alikuwa na miaka mingapi?” Nilichukua kalamu na karatasi, tukaanza kuhesabu kutoka 1995.